Filamu ya Negativu ya Rangi Katika Kamera ya Fomati ya Kati: Mwongozo wa Kazi Chini ya Jua la Kisumu

Mtu aliyejifunza kupiga picha kwa simu au kwa kamera ya dijitali huja kwenye filamu akiwa na hofu moja iliyokwisha kuwa mazoea, nayo ni hofu ya mwanga kuzidi. Katika dijitali hofu hiyo ni halali, kwa sababu shati jeupe likishaungua na jua halirudi, na ndiyo maana wengi hupunguza mwanga kidogo kwa makusudi. Filamu ya negativu ya rangi, yaani ile inayotoa picha iliyogeuzwa, penye giza pakiwa wazi na penye mwanga pakiwa peusi, hutenda kinyume. Ukiizidishia mwanga kwa stopu moja au mbili, yaani mara mbili au mara nne ya kipimo, itakupa picha nzuri. Ukiinyima kwa kiasi hichohicho, vivuli vitakuwa matope, chembe zitajitokeza, na rangi za sehemu zenye giza zitapotoka kiasi cha kukushinda kuzirekebisha. Adui wa pili ni joto, ambalo sisi wa kando ya ziwa hatulikosi. Karibu kila hatua iliyoelezwa hapa inatokana na mambo hayo mawili: kuipa filamu mwanga wa kutosha, na kuikinga na joto mpaka isafishwe.

Kuchagua kamera na filamu

Kamera za fomati ya kati, yaani zenye negativu kubwa kuliko za filamu ya kawaida ya milimita 35, hutumia filamu ya 120, ambayo kampuni ya Kodak iliianzisha mwaka 1901 na ambayo bado inatengenezwa hadi leo. Ina upana wa takriban milimita 61, na haina mkebe kama ile ya milimita 35. Imezungushwa kwenye spuli pamoja na karatasi ndefu inayoikinga na mwanga. Idadi ya picha hutegemea kamera na ukubwa wa picha yake kwa sentimita: ya 6×4.5 hutoa 15 au 16, ya 6×6 hutoa 12, ya 6×7 hutoa 10, na ya 6×9 hutoa 8 tu. Anayeanza ningemshauri atafute kamera ya 6×6 yenye lenzi mbili, kama Yashica Mat 124G ninayoitumia mimi. Ni nyepesi kuliko kamera nzito kama Mamiya RB67, shata yake, yaani pazia linalofunguka kuruhusu mwanga, ni tulivu, na kwa kuwa unaitazama kwa kuinamisha kichwa, mtu unayempiga picha haoni bomba limemwelekea usoni. Ubaya wake ni kwamba picha kwenye kioo chake huonekana imegeuzwa, kushoto kuwa kulia, na itakuchukua wiki moja au mbili kuacha kumfuata boda boda kwa upande usio wake.

Kabla ya kulipa, fungua mgongo wa kamera mchana, weka jicho nyuma ya lenzi, na ufyatue shata kwa kila kasi. Kasi ya sekunde moja inapaswa kusikika kama sekunde moja. Ikikwama au ikikokota, mafuta ya ndani yameganda na kamera inahitaji fundi. Kagua pia utando wa ukungu ndani ya lenzi kwa kumulika tochi, kwa maana kamera iliyokaa miaka mingi kabatini katika mji wenye unyevu kama Kisumu hupata ukungu kwa urahisi.

Filamu zinazopatikana kwa wingi katika 120 ni Kodak Portra za ISO (kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga) 160, 400 na 800, Ektar 100, na Gold 200, ambayo ilirudishwa katika umbo hili mwaka 2022. Zote husafishwa kwa njia moja inayoitwa C-41. Portra ina rangi tulivu na hupendeza kwa sura za watu. Ektar hukoleza rangi, na mashamba ya chai ya Kericho baada ya mvua huionyesha ubora wake wote, ila usoni inaweza kuleta wekundu usiotakiwa. Gold 200 ina umanjano wa joto na bei yake ni nafuu zaidi, nami ndiyo ninayompa mtu anayejifunza.

Kasi ya filamu, yaani namba hiyo ya ISO, ichaguliwe kwa kuangalia pia kasi ya juu ya shata. Kamera nyingi za lenzi mbili huishia 1/500 ya sekunde. Tuseme uko ufukweni Dunga mchana na unataka kufungua tundu la lenzi hadi f/4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) ili mandhari ya nyuma ya mvuvi ififie. Kwa filamu ya ISO 400 ungehitaji kasi ya takriban 1/8000, ambayo kamera yako haina. Kwa Portra 160 utafika f/8 kwa 1/500, na huo ndio mwisho wa safari. Kwa hiyo filamu ya 400 iwe ya asubuhi, jioni, mawingu na vivuli vya Msitu wa Kakamega. Ile ya 100 au 160 iwe ya jua kali.

Filamu ikifika, iweke kwenye friji ikiwa ndani ya pakiti yake, na uitoe saa mbili au tatu kabla ya kuifungua. Ukiifungua ingali baridi, hewa yenye unyevu itaacha matone juu yake, sawa na chupa ya soda iliyotoka kwenye barafu. Kama itakuja kwa ndege, ibebwe kwenye mzigo wa mkononi na uombe ikaguliwe kwa mkono, kwa kuwa mashine mpya za uwanjani zina miale mikali kuliko zile za zamani.

Kuiweka ndani ya kamera

Simama kivulini. Kama hakuna kivuli, lipe jua mgongo na ufanye kazi ndani ya kivuli chako mwenyewe. Hamisha spuli tupu hadi sehemu ya kupokelea, ambayo kwa Yashica ni ya juu, kisha weka filamu mpya chini. Kata utepe wa karatasi unaoifunga na uutie mfukoni, kwa sababu kipande kidogo kikisalia ndani ya kamera kitakwenda kukaa mbele ya filamu. Vuta karatasi, ingiza ncha yake kwenye ufa wa spuli tupu, upande wenye maandishi ukikutazama wewe, na uzungushe taratibu huku kidole gumba kikiikandamiza filamu ya chini ili isilegee. Mishale ikifika mkabala na alama zilizo ndani ya kamera, funga mgongo na uendelee kuzungusha hadi kaunta isome 1.

Kulegea ndiko chanzo cha hasara nyingi. Karatasi ikijizungusha kwa ulegevu au kwa mshazari, filamu huwa nene kuliko spuli, na mwanga hupenya pembeni. Kamera kama 124G ina pia kibao cha nyuma kinachorekebishwa kwa filamu ya 120 au ya 220. Filamu ya 220 haina karatasi nyuma yake na sasa ni adimu sana; hakikisha kibao kiko kwenye 120, la sivyo picha zote zitakosa ukali na utayalaumu macho yako bure.

Kupima mwanga

Hapa ndipo picha inapopatikana au kupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na mstari wenyewe unapita Maseno, mwendo mfupi kutoka mjini. Kwa kuwa saa zetu hufuata majira ya mashariki zaidi, jua hufika kilele si saa sita kamili bali karibu saa sita na dakika arobaini, na katika miezi ya Machi na Septemba husimama utosini. Wakati huo macho ya mtu huwa mashimo meusi chini ya paji la uso, na kofia ya mvuvi humfuta uso mzima. Jua hilo hilo huzama kwa kushuka wima: saa moja kabla ya kuzama limebaki takriban nyuzi 15 juu ya ziwa, na likishatua giza halichelewi. Muda mzuri ni kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni, nao haukungoji ukitafuta kipima mwanga kwenye mkoba.

Kanuni ya zamani husema kwamba kwenye jua wazi unaweka f/16 na kasi ya shata inayokaribia namba ya ISO. Kwa Gold 200 hiyo ni f/16 kwa 1/250. Kanuni hiyo ni sahihi kwa kitu kilichopigwa na jua, lakini picha zetu nyingi zina nusu jua na nusu kivuli, na ni kile kivuli kinachohitaji kusaidiwa. Ongeza stopu moja, uwe f/11 kwa 1/250, na hutajuta. Ukipiga uso ulio kivulini, chini ya mwavuli wa muuza samaki au barazani, usikadirie. Pima mwanga wa hapo hapo kivulini na ukubali kwamba maji ya ziwa nyuma yake yatakuwa meupe. Negativu itayahifadhi zaidi ya unavyodhani.

Programu ya kupimia mwanga kwenye simu inatosha. Kipimo cha ndani ya kamera ya zamani kinaweza kukudanganya, hasa katika kamera zilizotengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo hazitengenezwi tena. Ukiweka ya kawaida ya volti 1.5, mara nyingi kipimo husoma juu na filamu hukosa mwanga. Betri ndogo za hewa na zinki za vifaa vya kusikia, za volti 1.4, ziko karibu zaidi na zile za asili.

Kipima mwanga kinachotazama kitu, kiwe cha simu au cha kamera, hudhani kwamba kila kinachokiona ni kijivu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Ukikielekeza kwenye maji yanayometa, au kwenye magadi meupe ya Ziwa Magadi, kitakuambia upunguze, na heroe wako watatoka weusi. Ukikielekeza kwenye uso mweusi kitakuambia uongeze, na kwa filamu hii nyongeza hiyo haina madhara. Kwa dijitali ungeirekebisha, hapa iache. Hatari ni pale mtu mwenye uso mweusi amevaa kanzu nyeupe na kipimo kikashika kanzu. Njia ninayoiamini ni kiganja. Viganja vya watu havitofautiani sana hata ngozi zao zikitofautiana, na huwa na mwanga wa takriban stopu moja zaidi ya kile kijivu. Weka kiganja chako katika mwanga uleule unaouangukia uso, kipime peke yake, kisha ongeza stopu moja. Kama kipimo cha kiganja ni f/8 kwa 1/125, piga f/5.6 kwa 1/125.

Neno hili la ngozi lina historia yake. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipimia rangi kwa kadi zenye sura ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ziliachwa zijitegemee. Filamu za leo ni bora mno kuliko hizo, mradi tu zipewe mwanga.

Msituni Kakamega, chini ya miti mirefu, kipimo kinaweza kukupa 1/8 au polepole zaidi hata kwa filamu ya 400. Tumia miguu mitatu na waya wa kufyatulia. Kipimo kikivuka sekunde moja, filamu huanza kuchoka na kupokea mwanga kidogo kuliko hesabu, kwa hiyo sekunde mbili zifanye tatu au nne.

Kupiga, na kuitoa filamu

Una picha 12. Omba ruhusa kwanza, salimu, eleza kamera ni ya nini, na mwenye sura atakuwa ametulia kabla hujaanza kulenga. Lenzi ya milimita 80 iliyofunguliwa hadi f/3.5, kwa umbali wa mita moja, ina ukali wa takriban sentimita 5 tu, yaani jicho linaweza kuwa kali na sikio likafifia. Inua kioo cha kukuzia kilicho ndani ya kofia ya kamera, lenga jicho lililo karibu nawe, na mhusika akijongea mbele au nyuma, lenga upya. Kwa umbali huo kumbuka pia kwamba lenzi ya juu unayotazamia na ya chini inayopiga hazioni kitu kilekile: acha nafasi juu ya kichwa, kwa maana utosi unaouona wewe huenda filamu isiuone.

Andika kwenye daftari dogo namba ya picha, tundu, kasi na mahali ulipopimia. Bila hayo, negativu mbovu haitakufundisha kitu.

Baada ya picha ya mwisho, zungusha hadi karatasi iishe na mkono uwe mwepesi. Fungua kivulini, kaza ncha, ikunje, lamba gundi ya utepe na uubandike kwa nguvu. Siku moja pale Dunga nilitoa filamu huku nikizungumza, nikaitia mfukoni bila kuibandika. Ilipofika nyumbani ilikuwa imefunguka kama ua, na picha sita kati ya kumi na mbili zilikuwa na moto mwekundu pembeni. Tangu hapo ninatembea na mipira ya kufungia noti.

Kusafisha

Unaweza kuipeleka filamu maabara ya Nairobi kwa basi. Ukichagua hivyo, funga kwa magazeti ndani ya boksi, tumia gari la usiku ili isipikwe na jua njiani, na uandike juu ya boksi kwamba ni C-41, saizi ya 120. Usikubali kumwachia fundi asiyewahi kuigusa filamu yenye karatasi. Huenda akaifungua mwangani ili aone ni nini.

Kusafisha nyumbani kunahitaji tangi lenye rili (gurudumu la plastiki la kuzungushia filamu) inayopanuka hadi upana wa 120, mfuko wa giza, kipimajoto kinachoaminika, chupa tatu na pakiti ya dawa ya C-41. Dawa ya lita moja husafisha filamu nane hivi, na ikishachanganywa huharibika ndani ya wiki chache. Kwa hiyo kusanya filamu zako kwenye friji, zikifika sita au nane ndipo uchanganye, na uzisafishe kwa siku moja au mbili.

Kuiingiza filamu kwenye rili ndiyo kazi inayowatoa wengi jasho, na jasho ndilo tatizo lenyewe. Mikono ikiloa ndani ya mfuko, filamu hunata kwenye plastiki na haiendi mbele wala nyuma. Fanya kazi hii alfajiri, rili ikiwa kavu kabisa. Filamu imebandikwa kwenye karatasi kwa utepe upande mmoja. Ukiufikia, ubandue polepole, ukunje juu ya ncha ya filamu, na uingize ncha hiyo kwanza, kwa kuwa ni ngumu na haipindi. Jizoeze mara kumi kwa filamu iliyoharibika, macho yakiwa yamefumbwa.

Dawa ya kwanza, ile inayoitoa picha, inataka nyuzi 37.8 za selisiasi kwa dakika 3 na sekunde 15. Pakiti nyingi za nyumbani husema dakika 3 na nusu, na karatasi ya pakiti yako ndiyo ifuatwe. Nusu nyuzi ya kosa hubadili rangi. Tumia karai kubwa lenye maji ya nyuzi 40 hivi, zamisha chupa na tangi hadi shingoni, ongeza maji ya birika kidogo kidogo, na usianze mpaka dawa yenyewe, si maji ya karai, isome kiwango. Hapa hali ya hewa ya Kisumu inakusaidia: karai linalopoa kwa dakika kumi kule Nakuru, kwenye baridi ya mita 1,850, hapa hukaa muda mrefu zaidi.

Suuza filamu kwa maji ya joto hilohilo kwa dakika moja, mwaga, mimina dawa ya kwanza, pindua tangi mfululizo kwa sekunde kumi za mwanzo, kisha mara nne kila baada ya nusu dakika. Anza kuimwaga sekunde kumi kabla ya muda kwisha. Bliksi, dawa inayoondoa fedha na kuifanya picha idumu, hufuata, dakika 6 hadi 8, nayo hutoa gesi, kwa hiyo legeza kifuniko kidogo kila baada ya kupindua la sivyo itakurukia nguoni na doa lake halitoki. Bliksi ikimaliza kazi, mwanga hauna madhara tena. Osha dakika tatu au zaidi, malizia na stabilaiza, dawa ya mwisho ya kuilinda picha, kwa dakika moja, na usioshe tena baada yake. Tundika filamu bafuni baada ya kumwaga maji ya moto sakafuni ili mvuke uangushe vumbi, weka kibanio chini, funga mlango na uondoke kwa saa tatu.

Dawa iliyotumika ina madini ya fedha na sumu nyingine. Isimwagwe kwenye mtaro unaoelekea ziwani. Iweke kwenye mtungi uliofungwa na kuandikwa, uikabidhi maabara inayopokea taka za aina hiyo.

Kusoma negativu na kuiskani

Negativu njema ina rangi ya machungwa na maelezo yanaonekana hata katika sehemu zilizo wazi zaidi, ambazo ndizo vivuli. Ikiwa vivuli ni machungwa matupu bila kitu, ulinyima mwanga. Ikiwa filamu nzima, pamoja na namba za pembeni, imefifia, kosa ni la dawa au joto. Namba zikiwa kali na picha hafifu, kosa ni la kipimo chako, na hapo daftari litakuambia ulikosea wapi.

Skana ya mezani yenye taa kwenye kifuniko hufaa. Asiyekuwa nayo apige negativu kwa kamera ya dijitali juu ya kioo cha tableti kilicho cheupe, akiinyanyua sentimita kadhaa ili vidoti vya kioo visionekane, chumba kikiwa giza. Programu ya darktable, isiyolipiwa, ina sehemu iitwayo negadoctor: kwanza onyesha kipande cha filamu kisicho na picha, kati ya picha mbili, ili programu ijue rangi ya machungwa ya kuondoa, kisha rekebisha vivuli, halafu mwanga, na rangi iwe ya mwisho. Uso ukiwa kijani usikimbilie kuongeza wekundu. Rudi uangalie kama kipande ulichoonyesha kilikuwa kitupu kweli.

Kata negativu vipande vya picha tatu tatu, ziingize kwenye karatasi zake, na uziweke katika boksi lenye pakiti za kunyonya unyevu, kabati la juu, mbali na ukuta unaovuja msimu wa masika.